Ufa kwenye ukuta wa pamoja: jinsi tulivyoutuliza

Nyumba yetu ya Kirumba, hapa Mwanza, imeungana na ya jirani kwa ukuta mmoja. Nilibomoa ukuta kati ya sebule na jiko, nikaweka boriti ya zege, ncha moja ikalala kwenye ukuta huo wa pamoja. Wiki tatu baadaye mama wa upande wa pili akaniita: ufa wa mshazari, juu kabisa ya kitanda cha watoto. Iliniuma sana.

Tuliuziba kwa saruji mara mbili. Ukarudi.

Fundi mwingine akabandika kipande chembamba cha kioo kukatiza ufa, saruji kila ncha. Siku ya nne kikakatika. Basi ukuta bado unatembea, plasta ya nini? Kumbe chanzo ni boriti: ncha yake ilikalia tofali moja tu.

Jirani aliporidhia na mhandisi kukagua, tuliishika boriti kwa mirunda, tukatoa matofali chini ya ncha, tukamwaga kitako cha zege cha sentimita 60 kufuata ukuta. Kilipokomaa tukashindilia saruji kavukavu kwenye mwanya uliobaki kati ya kitako na boriti, isibaki nafasi hata ya kupitisha kisu. Mirunda ikatoka baada ya siku 28.

Kioo kipya kina miezi miwili, kizima. Jana tumepiga plasta, tukaanza na kwake.