Rozela ya mama, na vidonge vyake

Tangu mama aambiwe ana presha, jikoni kwetu Tanga kumegeuka duka la dawa. Jirani kaleta unga wa mlonge, shangazi kaja na kitunguu saumu cha kutafuna alfajiri, mwingine kasifia majani ya mpera. Mama hapendi kumvunja mtu moyo, anapokea vyote.

Mimi nimekubali kimoja bila ubishi: rozela. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2010 uliwapa watu ambao presha yao imepanda kidogo vikombe vitatu vya chai yake kwa siku, kwa wiki sita. Namba ya juu ya kipimo cha presha ilishuka kwa wastani wa 7. Waliopewa kinywaji kisicho na rozela ilishuka 1 na kidogo. Si haba. Lakini mwenye 180 ukimpunguzia 7 bado yuko 173, ndiyo maana amlodipine, vidonge vya presha vya mama, haijatoka mezani.

Ninavyoiandaa: maua makavu kiganja kimoja, maji ya moto, funika dakika kumi, chuja. Iliki ukipenda. Sukari hapana! Ile juisi ya rozela ya mtaani ni tamu hadi meno yanauma, na wenye presha wengi wana kisukari pia.

Kitunguu saumu tunakila kwenye mchuzi. Kikiliwa kwa wingi kinapunguza damu kuganda, kwa hiyo anayemeza aspirini amuulize daktari kwanza. Chumvi ya mezani nimeificha. Mama anaisaka kila mchana, hasa siku ya samaki wa kukaanga.