Nilivyoweza kutunza tope la pwani likiwa hai

Nilitaka kujua jambo moja: mbolea inayosombwa na mito ikikutana na asidi inayoongezeka baharini, tope la pwani hupatwa na nini? Maji hupimwa sana. Tope husahaulika, na humo ndimo viumbe wengi huchimba, hula na kuzaliana.

Mara ya kwanza niliharibu jaribio mwenyewe. Nilichota tope kwa koleo, nikalichekecha, nikalitia kwenye ndoo za maji ya bahari. Siku ya nne lilinuka mayai viza. Tope lina tabaka zake: juu kuna ngozi nyembamba ya kahawia yenye vimwani visivyoonekana kwa macho, chini ni jeusi, makao ya bakteria wanaotumia salfeti na kutoa salfaidi, ambayo ni sumu. Kwenye tope laini oksijeni hupenya milimita chache tu. Anayeifikisha chini zaidi ni mnyoo, anaposukuma maji ndani ya shimo lake. Mimi nilikuwa nimebomoa mashimo yote.

Mara ya pili nilitumia mabomba mapana ya plastiki angavu. Maji yalipokupwa nililididimiza kila bomba taratibu, nikaliziba juu, nikaling'oa na tope lake bila kulivuruga. Nilipata 12, nikayagawa mafungu 4: ya kwanza niliyaacha yalivyo, ya pili nilifukia punje za mbolea inayoyeyuka polepole, ya tatu nilipuliza majini hewa ya ukaa, ambayo ikiyeyuka huzaa asidi, ya nne nilifanya yote mawili.

Kosa lililofuata lilikuwa la saa. Nilipima pH (kipimo cha asidi: namba ikishuka, asidi imezidi) kila siku adhuhuri, na mabomba ya mbolea yalitoa namba za juu kuliko yale niliyoyaacha. Nusura niandike kwamba mbolea inapunguza asidi! Siku moja usingizi ulinipaa, nikaenda kupima saa kumi na moja alfajiri. pH ilikuwa imeporomoka, oksijeni karibu imekwisha. Mchana vimwani hutumia hewa ya ukaa kujitengenezea chakula. Usiku kila kiumbe hupumua na kuirudisha, na mwani unaooza huzidisha. Mbolea nayo basi huzaa asidi, juu ya ile itokanayo na hewa ya ukaa ya angani. Maji ya juu ya bahari yameshuka kutoka pH ya takriban 8.2 kabla ya enzi ya viwanda hadi 8.1, nako huko tu ni ongezeko la karibu asilimia 30 la ioni za haidrojeni, chembe zinazoyafanya maji kuwa na asidi. Bomba langu lilishuka zaidi ya hapo kwa usiku mmoja. Tangu siku hiyo nilipima mara mbili, adhuhuri na alfajiri.

Fungu la nne liliniumiza. Mstari mweusi, yaani mpaka wa juu wa tope jeusi lisilo na oksijeni, ulipanda hadi karibu kugusa maji. Wiki ya tatu mnyoo alitoka shimoni akalala juu ya tope, mchana kweupe. Kingo za kombe wadogo zilikuwa kama chaki. Nilipokwaruza kwa ukucha, unga ulitoka. Shimo la mnyoo lilipofunga, amonia, aina mojawapo ya naitrojeni inayorutubisha mwani, ilizidi majini, kwa sababu kwenye kuta za mashimo hayo ndiko bakteria wanaohitaji oksijeni huigeuza kuwa naitreti, na jirani zao wasioihitaji huigeuza naitreti kuwa gesi ya naitrojeni inayopotelea hewani. Bila mchimbaji, mbolea hubaki kulisha mwani mwingine.

Katika bomba moja la fungu hilo nilichanganya magamba ya kombe yaliyopondwa kwenye tope la juu, ili yapunguze asidi. Kombe wadogo walipata nafuu, kingo zikakaza. Mstari mweusi haukushuka hata kidogo. Ulianza kushuka nilipofukua punje za mbolea, tena polepole mno. Wiki ya sita baada ya hapo niliona tundu jipya kwenye ukuta wa bomba, jembamba kama sindano, na kulizunguka pete ya rangi ya kutu: oksijeni ilikuwa imefika.