Nani anaruhusiwa kufuta?

Kila anayeniomba nimtengenezee seva ya kubadilishana mafaili huanza kwa kuniuliza diski iwe ya ukubwa gani. Mimi humrudishia swali jingine: humo ndani, nani ataruhusiwa kufuta? Wengi hukaa kimya kidogo, kisha hujibu, "Sisi sote tu, tunaaminiana." Hapo nishajua kazi itakuwa wapi.

Ofisi ninayoishughulikia sasa ina watu wa aina tatu. Wahasibu hawataki mtu wa idara nyingine aone hata majina ya mafaili yao. Wachoraji wanataka kila mmoja aweze kurekebisha kazi ya mwenzake. Halafu kuna wateja wa nje, wanaoleta picha na video nzito zisizopitika kwa barua pepe, na mteja mmoja hapaswi hata kujua kwamba mwingine yupo. Hayo yote niliyaandika kwenye karatasi kabla ya kugusa kibodi: folda upande huu, makundi upande ule, na katikati soma, andika, futa. Nikampa meneja atie sahihi. Alicheka, lakini alitia.

Kwenye karatasi ile hakuna jina la mtu. Ruhusa napenda kuliwekea kundi, mtu anaingizwa kundini au anatolewa, basi. Akihamia idara nyingine, folda hazina habari. (Ukimwongeza mtu kwenye kundi akiwa ameshaingia, mwambie atoke aingie upya. La sivyo atakupigia simu kwamba hujafanya kitu.)

Kuhusu itifaki, yaani kanuni za kupitishia mafaili kwenye mtandao, sikubishana sana. FTP, itifaki ya zamani ya kuhamisha mafaili, ina historia ndefu: Abhay Bhushan aliandika waraka wake wa kwanza mwaka 1971, na waraka wa kanuni zake unaofuatwa hadi leo, RFC 959, ni wa 1985. Lakini FTP tupu hupitisha nenosiri wazi wazi, na anayechungulia mtandao analisoma lilivyo. Uchunguliaji wa namna hiyo, uliofanyika kwenye mtandao wa chuo chake, Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, ndio uliomfanya Tatu Ylönen atengeneze SSH, njia ya kuingia kwenye seva kwa mawasiliano yaliyofichwa, mwaka 1995. SFTP, njia nyingine ya kuhamisha mafaili, hupita ndani ya SSH, kwenye poti (mlango wa mtandao) 22 peke yake. FTP inataka poti 21 na poti nyingine za kupitishia data, nami sina hamu ya kugombana na ukuta wa moto kila wiki. Nikaweka OpenSSH, programu ya seva ya SSH, tukaendelea.

Mahali pa kwanza panapowashinda wengi ni kumfungia mtumiaji ndani ya folda yake ili asizurure kwenye seva nzima. Kwenye sshd_config, faili la mipangilio la OpenSSH, kuna ChrootDirectory, na ina sharti moja lisilo na mjadala: folda hiyo, pamoja na kila folda iliyo juu yake, lazima imilikiwe na root, mtumiaji mkuu wa seva, na asiwepo mwingine yeyote mwenye ruhusa ya kuandika humo. Silika inakutuma umpe mtumiaji umiliki wa folda yake. Ukifanya hivyo, nenosiri linakubaliwa halafu muunganisho unakatika papo hapo, na kwenye skrini yake hakuna maelezo ya maana. Maelezo yako kwenye logi za seva: "bad ownership or modes for chroot directory". Sharti hilo si ukali wa bure. Mtu anayeweza kuandika kwenye mzizi wa kizuizi chake anaweza kujitengenezea humo folda ya bandia ya etc (ile yenye mipangilio ya mfumo) na kuzidanganya programu. Kwa hiyo mzizi unabaki wa root, na ndani yake natengeneza folda nyingine, naiita kazi, na hiyo ndiyo ya kuandikia.

Ukishamfungia mtu, viungo vya kumpeleka nje ya ukuta havifanyi kazi. Folda inayotakiwa kuonekana sehemu mbili naileta kwa mount --bind, amri ya kuionyesha folda mahali pengine, na mstari wake naurekodi kwenye /etc/fstab, faili linalosomwa seva inapowaka. Usipourekodi, siku seva ikizimwa na kuwashwa folda itaonekana tupu, na utasikia makelele.

Folda ya wachoraji ina ruhusa za 2770: tarakimu tatu za mwisho ni za mwenye folda, kundi na wengine, 7 ikiwa ruhusa zote na 0 hakuna. Ile 2 ya mbele watu huiruka, kumbe ndiyo yenye kazi: faili jipya linarithi kundi la folda. Bila hiyo, faili linachukua kundi la msingi la aliyelipakia, na wenzake wanabaki kulitazama tu. Halafu inakuja umask, yaani ruhusa zinazoondolewa kwa kila faili jipya. Ile ya kawaida ya 022 inalinyima kundi ruhusa ya kuandika, kwa hiyo naweka ForceCommand internal-sftp -u 0007. Hapo ungedhani yamekwisha. Hayajaisha, kwa sababu baadhi ya programu za kupakilia hutuma pamoja na faili ruhusa zake za kule lilikotoka, mara nyingi 644 (mwenyewe kusoma na kuandika, wengine kusoma tu), na umask huondoa tu, haiongezi. Kundi haliwezi kupewa kisichoombwa. Kama programu ina mpangilio wa kuacha kutuma ruhusa hizo, natumia huo. Kama haina, kazi ndogo ya cron, inayojiendesha kwa ratiba, hupita kwenye folda na kurudisha g+w, ruhusa ya kundi kuandika. Si suluhisho la kujivunia, lakini wachoraji wanafanya kazi.

Sasa lile swali la kufuta. Wengi huamini faili likiwa la kusomwa tu, 444, liko salama. Haliko. Kwenye Linux, folda ni daftari la majina, na kufuta ni kukata jina kwenye daftari, kwa hiyo kinachoangaliwa ni ruhusa ya kuandika kwenye folda. Faili lenyewe haliulizwi. Dawa inayojulikana ni biti ya kunata, ile iliyoko kwenye /tmp, folda ya mafaili ya muda: ukiweka 3770, faili litafutwa au kubadilishwa jina na mwenye faili, mwenye folda au root tu. Kwa wahasibu niliiweka, ikawafaa. Kwa wachoraji niliikataa, kwa sababu programu nyingine hupakia faili kwa jina la muda, kisha huliweka mahali pa lile la zamani. Faili la zamani likiwa la mwenzako, biti ile inakuzuia katikati ya kazi. Tena haizuii kila kitu: mwenye ruhusa ya kuandika anaweza kulimwaga faili likabaki na baiti sifuri bila kulifuta. Wachoraji nimewawekea nakala rudufu za kila usiku kwenye diski wasiyoifikia, na wanafuta watakavyo.

Wateja niliwafikiria kwanza folda moja ya kutumbukiza tu, yenye ruhusa ya kuandika na kupita bila kusoma. Kimaandishi ni nzuri. Shida ni kwamba programu za kupakilia kama FileZilla hujaribu kuorodhesha folda inapoingia, inapewa kosa, na mteja anaona seva imekufa. Nikampa kila mteja kizuizi chake, na wachoraji nikawaruhusu kusoma humo kwa setfacl, amri ya kuongeza ruhusa juu ya zile za kawaida, pamoja na -d ili hata mafaili yajayo yarithi.

Kuna amri moja ninayoipiga vita: chmod -R 777, inayompa kila mtu ruhusa zote. Anayeikimbilia anataka kelele ziishe, na kweli zinaisha, pamoja na ulinzi wote. Kama ni lazima urekebishe folda nzima, tumia g+rwX yenye X kubwa. Hiyo hutoa ruhusa ya kupita kwenye folda bila kugeuza kila picha kuwa programu ya kuendeshwa.

Kujaribu nafanya kwa kuingia kama mtu wa kila kundi na kutafuta ninachokatazwa. Kinachoruhusiwa watajaribu wenyewe. Na mteja anapomaliza mkataba, usermod -L peke yake haitoshi: inafunga nenosiri, lakini aliyeweka ufunguo wa SSH anaweza kuendelea kuingia. Naongeza usermod -e 1 ili akaunti yenyewe ihesabike imekwisha muda, kisha natoa ufunguo wake kwenye authorized_keys, orodha ya funguo zinazokubaliwa.