Jina la pili kwenye kitambulisho

Mwishoni mwa 2012 nilihamishiwa kazi Nakuru, Kenya, nikatafuta bedsita, nyumba ya chumba kimoja, upande wa Section 58. Keyateka, yaani mtunza nyumba, alinionyesha chumba kisafi, akaapa kwamba maji hayakatiki, kiapo ambacho hakuna mkaazi wa Nakuru hukiamini. Tukaelewana kodi. Dipoziti ilikuwa mfukoni.

Mwenye nyumba alikuja mwenyewe, mzee mpole, akaninunulia chai kibandani na kuniuliza habari za safari. Kisha akaomba kitambulisho. Alisoma mbele, akakigeuza nyuma palipoandikwa wilaya na tarafa. Jina langu la pili linaanza kwa O, na wilaya ni Siaya: kwa hayo mawili alijua mimi ni Mjaluo.

“Kijana, nimekumbuka. Hiki chumba nilikuwa nimemwahidi mtu.”

Keyateka akajishughulisha na funguo zake.

Alasiri mwenzangu wa kazini, ambaye jina lake halina shida pale, alipiga namba iliyoandikwa langoni. Akaambiwa chumba kipo, aje na pesa.

Nilirudi kwa mzee jioni hiyo hiyo. Hakukana. Alisema uchaguzi wa Machi umekaribia, na mapema 2008, kwenye ghasia za kikabila zilizofuata uchaguzi, wapangaji wake walitoroka usiku na kumwachia kodi ya miezi. “Si mimi, kijana. Wakija kukutafuta wewe, watachoma ploti yangu.”

Hofu yake haikuwa ya kubuni. Januari ile uwanja wa maonyesho wa Nakuru ulijaa watu waliofukuzwa makwao, wa makabila tofauti. Ila wachomaji aliowaogopa ni wengine, na aliyenyimwa chumba ni mimi.

Nikamwambia Katiba inakataza kubagua watu kwa kabila. Akacheka kidogo: “Katiba ni ya serikali, mwanangu. Ploti ni yangu.”

Wenye nyumba wengi huamini hivyo, nao wamekosea. Kifungu cha 27 kinaikataza serikali kubagua kwa misingi ya kabila, halafu sehemu ya tano inamkataza mtu binafsi vilevile. Nilimweleza. Akanisikiliza kwa adabu, akaniaga kwa adabu.

Keyateka ndiye aliyenikimbilia hadi stejini, akanielekeza kwa mama mmoja mtaani Free Area. Yule hakutaka kuona kitambulisho. Aliuliza kama mimi ni mlevi, na dipoziti iko wapi. Kwa Tume ya Uwiano na Utangamano, inayoshughulikia ubaguzi wa kikabila, sikupeleka malalamiko. Jumatatu nilikuwa naanza kazi, na nilihitaji pa kulala.