Siku yangu juu ya Wigi la Jaji

Mama yangu, Lushoto, huwaambia majirani kwamba mwanawe yuko Uingereza anafyeka majani. Nimeacha kubisha.

Saa 1:30 asubuhi. Oktoba huku Cumbria ni ukungu na umande, soksi zinalowa kabla sijafika stoo. Nanoa makasi, napaka mafuta, naweka betri.

Saa 2. Bustani ya Levens Hall, nyumba ya kale ninakofanya kazi, ilianza kupangwa mwaka 1694 na Guillaume Beaumont, Mfaransa aliyewahi kuwa mtunza bustani wa Mfalme James II. Nyumba yenyewe si kasri la kutisha, lakini mbele yake kuna miti na vichaka zaidi ya 100 vilivyochongwa kwa mkasi: miavuli, kete za sataranji, na huyu wangu wa leo, Wigi la Jaji. Karne ya 18 mtindo ulibadilika, bustani nyingi za namna hii zikang'olewa. Hii ikaponea. Mingi ni miti ya yuu (yew kwa Kiingereza), na yuu hukua polepole: mkasi ukizama kupita kiasi, shimo hilo utalitazama miaka.

Saa 4 geti linafunguliwa. Haikupita nusu saa, bwana mmoja mwenye kofia akasimama chini ya jukwaa la kunyanyulia, akanipungia nishuke. Nikadhani kuna mtu ameanguka. Nikazima mashine, nikashusha jukwaa (halijui haraka zako), nikafungua mkanda, nikavua miwani.

“Naomba kuonana na mtunza bustani.”

“Ni mimi, bwana.”

“Hapana, namaanisha yule hasa.”

Nikanyamaza, makasi mkononi, majani ya yuu yamejaa nywele zangu. Basi akaniuliza mimi: kwa nini wigi limepinda? Nikamweleza kwamba mti mkongwe huegemea unakotaka, sisi tunaufuata. Akasema ua la miti nyumbani kwake hukatwa kwa kamba na pimamaji. Nikasema hongera. Akanionyesha picha zake kwenye simu, moja baada ya nyingine, mpaka mkewe akamaliza kuzunguka bustani nzima akarudi kumchukua. Walipoondoka, mvua ikaanza.

Mkate na yai, stoo, nimesimama.

Baada ya hapo saa zilichanganyika. Mabega yanawaka, vidole vimekufa ganzi, na bado kuna kufagia, kazi ambayo mgeni haioni. Majani ya yuu ni sumu. Kondoo akiyala anaweza kufa, nasi tumezungukwa na malisho. Kwa hiyo ni kupiga magoti na kuokota kila kijiti kwenye turubai. Na majani hayo hayo ndiyo chanzo cha docetaxel, dawa ya saratani.

Giza linaingia, simu ikalia.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Leo umefyeka wapi?”

“Leo nimenyoa wigi la jaji.”

Kimya kidogo.

“Mwanangu, una kesi?”