Nilivyobadilisha tairi la ndani la tela lenye mzigo kabla ya kupanda mlima wa Kitonga

Nilikuwa nimeshapita Ruaha Mbuyuni, nikiwa na shehena ya mbolea ya kwenda Mbeya, dereva wa lori lililokuwa likishuka kutoka Iringa aliponimulikia taa na kunyoosha kidole kuelekea nyuma ya gari langu. Kioo cha pembeni hakikunionyesha kitu, na hilo halikunishangaza, kwa sababu tairi la ndani katika jozi linaweza kuisha upepo kabisa huku lile la nje likiendelea kubeba mzigo na kuonekana zima. Nilipunguza mwendo hadi kasi ya mtu anayetembea, nikasogea hadi mahali palipokuwa tambarare, penye bega pana la changarawe iliyoshindiliwa. Kuendelea mbele kulikuwa na hatari mbili: tairi lililobaki hulemewa na mzigo wa mwenzake, na lililoisha upepo husagika na kupata joto linaloweza kuwasha moto. Hata hivyo, kusimama papo hapo, kwenye kona, kungekuwa hatari zaidi.

Utingo wangu aligonga matairi moja moja kwa nyundo, na la ndani katika ekseli ya mwisho, upande wa kulia, likatoa mlio mzito usiodunda. Kwa kuwa sisi huendesha upande wa kushoto, kulia ndiko magari yanakopita, kwa hiyo nilisogeza gari kushoto kadiri bega lilivyoruhusu, nikafunga hendibreki ya kichwa cha lori na ya tela, wala sikulitenganisha tela na kichwa. Pembetatu moja tuliiweka mbele na nyingine nyuma, mbali kiasi cha kumpa dereva wa lori zito nafasi ya kupunguza mwendo, tukaongeza matawi ya majani, ambayo kila dereva wa njia hii huyaelewa. Utingo alivaa kizibao kinachong'aa, akasimama nyuma akiyatazama magari yanayokuja, na kazi yake ikawa hiyo tu hadi mwisho. Madereva wengi humwita utingo aje kusaidia kukaza spana. Mimi naona macho yake barabarani yana faida kubwa kuliko mikono yake.

Tuliacha habu (kitovu kinachobeba gurudumu) na ngoma ya breki zipoe bila kumwagia maji, kwa kuwa chuma chenye moto kikipozwa ghafla huweza kupasuka. Wakati huo nilipima upepo wa spea kwa geji, nikasoma paundi 110, kisha nikaweka vigingi vya mbao mbele na nyuma ya magurudumu ya ekseli nyingine.

Nati zote kumi nililegeza kidogo wakati gurudumu likiwa bado limekanyaga ardhi. Anayefanya kazi hii kwenye tela la zamani akumbuke kwamba baadhi yake huwa na nati za upande wa kushoto zinazofunguka kinyume, na asiyejua hilo huzidi kuzikaza hadi stadi, yaani bolti inayoshika nati, ikatike. Chini ya jeki ya mafuta niliweka kipande cha ubao mnene, maana changarawe hudidimia taratibu chini ya uzito kama huo, nikaikita chini ya ekseli, karibu na springi. Nilinyanyua hadi tairi la nje likaachana na ardhi, nikaongeza kidogo tu kwa sababu spea yenye upepo huhitaji nafasi kubwa kuliko tairi lililolala. Gurudumu la nje lilipotoka nililaza chini ya fremu ya tela: jeki ikiteleza, fremu itaangukia hapo, na gurudumu lenye uzito wa karibu kilo 100 lililolazwa haliwezi kubingirika hadi barabarani. Muda wote huo sikuingiza kichwa wala mguu chini ya tela.

Kabla ya kuingiza spea nilisugua kutu na matope kwenye habu na kwenye uso wa ringi, kwa sababu uchafu uliobanwa hapo husagika safarini na nati hulegea zenyewe. Valvu za magurudumu mawili nilizipanga zielekeane pande tofauti, ili ya ndani ifikiwe kwa geji bila kufungua chochote. Nilikaza nati kwa kuvuka upande hadi upande, si kwa kufuatana, kisha nikashusha jeki na kukaza kwa nguvu kamili. Nati za ukubwa huu kwa kawaida huhitaji takriban nyutoni-mita 600, ambazo ni sawa na mtu wa kilo 60 kuning'inia kwenye ncha ya bomba la mita moja lililochomekwa kwenye spana. Kurukaruka juu ya bomba hilo, kama ninavyoona wengi wakifanya, huvuta stadi kupita kiasi.

Vigingi, pembetatu na matawi yote tuliondoa. Jiwe au tawi lililoachwa barabarani ni mtego kwa mwenye bodaboda anayepita usiku.

Baada ya kumaliza kupanda Kitonga tulisimama Ilula, nikapitia nati tena, na mbili zilikubali kuzunguka kidogo. Fundi wa pancha alitaka kuziba tundu na kulijaza upepo lile tairi bovu. Nilikataa, kwa kuwa ubavu wake ulikuwa umejikunja baada ya kukimbia bila upepo, na tairi la namna hiyo likijazwa linaweza kupasukia usoni mwa anayelijaza.