Kumbukumbu ya mradi: jukwaa kwanza, lugha baadaye

Kanuni za mchezo wangu wa mafumbo, ambao mchezaji husogeza vigae vya rangi kwenye ubao wa miraba minane kwa minane mpaka njia ifunguke, zimekamilika kwenye karatasi, na sasa kazi iliyopo ni kuchagua injini (programu ya msingi ambayo mchezo hujengwa juu yake) na lugha ya programu ya kuuandikia. Badala ya kuuliza lugha ipi ni bora, swali ambalo mabishano yake hayaishi, nimeanza na swali la mchezo utachezwa wapi. Nataka ufunguke ndani ya kivinjari, kisha uingie kwenye simu za Android. Windows itafuata baadaye. Konsoli, yaani mashine maalumu za michezo, nimeziweka kando, maana zana zake za uundaji hutolewa kwa watengenezaji waliosajiliwa na kukubali masharti ya usiri.

Sharti la kivinjari ndilo lililopunguza orodha. Godot, injini ambayo msimbo wake ulifunguliwa kwa umma mwaka 2014 chini ya leseni huria ya MIT, hukubali lugha za GDScript (ambayo ni yake yenyewe) na C#, ila katika toleo la 4 mradi ulioandikwa kwa C# hauwezi kutolewa kwa ajili ya kivinjari. Basi C# imetoka, ingawa ndiyo niliyoizoea na ninapenda jinsi inavyokagua aina za data, kama namba au maandishi, kabla programu haijaendeshwa. Nimejifariji kwa kuwa GDScript nayo huruhusu kutaja aina, na katika mipangilio ya mradi nimeamuru kila kigezo (jina linalobeba data) kisichotajwa aina kihesabiwe kuwa kosa. Aidha, toleo la 4.3 la Agosti 2024 lilirudisha uwezo wa kuendesha mchezo wa kivinjari kwa uzi mmoja, yaani mfuatano mmoja tu wa kazi kwenye kichakataji, jambo linalorahisisha sana kuuweka kwenye seva za kawaida.

LÖVE, zana ya kuundia michezo inayotumia lugha ya Lua, ilinivutia kwa wepesi wake, na mafanikio ya Balatro, mchezo wa karata uliotengenezwa kwayo, yanaonyesha kuwa si ya majaribio tu. Lakini njia yake ya kufika kwenye kivinjari si rasmi. Injini ya Unity ina uwezo wote ninaouhitaji. Hata hivyo, ada ya kila mchezo unaposakinishwa, ambayo kampuni yake iliitangaza Septemba 2023 na kufutwa mwaka uliofuata imenifanya nipendelee leseni isiyoweza kubadilishwa nikiwa katikati ya kazi. Unreal nayo ni injini kubwa mno kwa mchezo wa vigae, hivyo nimebaki na Godot.

Sehemu iliyonichukua fikra nyingi zaidi ni kitatuzi, yaani programu inayothibitisha kwamba kila fumbo lina suluhisho. Hutafuta hatua kwa hatua katika hali zote zinazoweza kufikiwa, na hali hizo huongezeka upesi mno kuweza kuhesabiwa ndani ya milisekunde 16.7, ambazo ndizo muda wa fremu moja, yaani picha moja ya skrini, mchezo unapokwenda kwa fremu 60 kwa sekunde. Kwa hiyo nimekitenga kabisa na mchezo na kukiandika kwa lugha ya Rust: hufanya kazi kwenye kompyuta yangu, huhifadhi mafumbo yaliyothibitishwa katika faili za JSON (muundo wa maandishi wa kuhifadhia data), na mchezo wenyewe huzisoma tu. Lugha ya zana haina sababu ya kuwa lugha ya mchezo.

Kwa upande wa GDScript, ubao ni safu yenye namba 64, moja kwa kila mraba, na kitendakazi kimoja (kipande cha msimbo chenye kazi moja) hupokea safu hiyo pamoja na hatua ya mchezaji, kisha hurudisha safu mpya bila kujua chochote kuhusu picha wala sauti. Nikilazimika kuhama injini, nitaandika upya uchoraji, na kanuni nitazihamisha mstari kwa mstari.

Toleo la kwanza litakwenda itch.io, tovuti ya kusambazia michezo, ambako mtengenezaji hujipangia mgawo wa mapato anaoiachia tovuti. Google Play, yenye ada ya usajili ya dola 25 inayolipwa mara moja, itasubiri mpaka nitatue tatizo la kidole kuficha kigae kinachosogezwa. Kwa sasa ninajaribu kukichora kigae hicho juu kidogo ya mahali kidole kilipogusa.